Mbaazi Ukikosa Maua, Tumlaumu Nani?

(Haya ni mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa kata ya Unyambwa, Singida. Soma polepole. Ukimaliza, msomee na jirani yako.)



Sisi tunaosimama mbele yenu ni wenzenu. Tulikaa nanyi darasani, na tunalima nanyi bondeni na mlimani. Hatukuja hapa kama wataalamu. Tumekuja kueleza makosa tuliyoyafanya katika shamba moja la mbaazi kwa misimu minne, ili nyinyi msiyarudie.

Wahenga walisema: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii tunaijua sote. Tunamtupia mtu aliyeshindwa kazi yake kisha akatafuta wa kumlaumu. Tunacheka, tunaendelea na safari. Basi, jamani, methali hiyo ilikuwa inatusema sisi wenyewe. Misimu mitatu shamba letu halikutulipa, na kila msimu tulikuwa na mtu au kitu cha kusingizia. Kwanza jua. Halafu wadudu. Halafu ng'ombe wa watu. Msimu wa nne tulifungua daftari letu tukasoma tulichokuwa tumeandika. Daftari likatuumbua.

Sasa tusikilizane.

MBAAZI NI MMEA GANI?

Mbaazi ni kichaka. Hukua kuanzia kimo cha mtoto hadi kumzidi mtu mzima. Shina lake ni gumu kama mti. Maua yake ni ya njano, na mengine yana michirizi myekundu. Baada ya ua huja ganda, na ndani ya ganda mna mbaazi tunazokula. Asili ya mmea huu ni India. Ulifika Afrika Mashariki zamani sana, ukawa wetu. Leo nchi yetu ni moja ya nchi zinazolima mbaazi kwa wingi katika Afrika, pamoja na Malawi, Msumbiji na Kenya. Hapa Tanzania hulimwa Lindi na Mtwara, Manyara, Arusha, Dodoma na hapa kwetu Singida.

Kwa nini tunasema mmea huu unafaa kwetu? Ziko sababu nne.

Kwanza, unastahimili ukame. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mtama na mahindi yakishindwa kupata maji juu, mbaazi hupeleka mizizi chini na kuyatafuta. Ndiyo maana mwezi Juni, nchi ikiwa imekauka yote, mbaazi bado uko kijani.

Pili, unarutubisha udongo. Ng'oa mbaazi mmoja ulio na afya, uangalie mizizi. Utaona vinundu vidogo vidogo. Watu wengine hudhani ni ugonjwa. Si ugonjwa. Ndani ya vinundu hivyo wanakaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinachukua naitrojeni iliyo hewani na kuugeuza kuwa chakula cha mmea. Pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Kama ndani ni chekundu au cha waridi, jua kwamba kinafanya kazi. Tena majani ya mbaazi huanguka na kuoza shambani. Mtama utakaofuata mwaka wa pili utashukuru.

Tatu, ni chakula. Katika kila gramu 100 za mbaazi kavu, gramu 20 hivi ni protini. Protini ndiyo inayojenga mwili wa mtoto. Katika mahindi, protini haifiki nusu ya hapo. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu walipokaa katika vikundi kusikiliza redio. Somo lile halijazeeka. Nyama hatuli kila siku, lakini mbaazi tunaweza kula hata mara tatu kwa juma.

Nne, ni kuni. Mashina yakikauka hupikiwa. Akina mama wanajua kuni zimekuwa mbali kiasi gani. Shamba la mbaazi linampunguzia mama safari.

Haya, kama mmea ni mzuri hivyo, sisi tulikosea wapi?

MSIMU WA KWANZA: TULISINGIZIA JUA

Msimu wa kwanza tulilima mtama wetu, tukalima alizeti, tukamaliza. Tukasema, sasa tupande na mbaazi, maana mbaazi hauna haraka. Mbegu tulinunua gulioni, mchanganyiko tu, nyeupe na za madoa. Tukapanda kwa kutupatupa.

Mimea ilifika kiunoni ikasimama. Mvua ikakatika. Maua yakatoka machache, mengi yakaanguka. Ekari nzima tulipata madebe mawili. Tukasema: jua la mwaka huu ni kali mno.

Sasa fungua daftari. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Tumepanda mbaazi tarehe 27 Januari." Basi. Hapo ndipo kosa lilipo. Mvua zilianza mwanzoni mwa Desemba, sisi tukapanda mwisho wa Januari. Tuliupotezea mbaazi karibu miezi miwili ya maji, halafu tukalaumu jua.

Bibi shamba alipokuja alitueleza jambo ambalo hatukulijua. Alisema jua kweli lina sehemu yake katika maua ya mbaazi, lakini si ile tuliyodhani. Mbaazi huhesabu urefu wa mchana. Kwetu huku, mchana mrefu kuliko yote ni wa mwisho wa Desemba, na mfupi kuliko yote ni wa mwezi Juni. Tofauti yake ni kama nusu saa tu. Wewe huioni, lakini mbaazi unaiona. Aina nyingi za mbaazi husubiri mchana ufupike ndipo zitoe maua. Zile za muda mrefu husubiri na ubaridi pia.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba ukichelewa kupanda, mbaazi haukusubiri wewe. Wakati wa maua ukifika, utachanua hata kama bado ni mdogo. Mmea mdogo hubeba maua kidogo. Na kama maji ya udongoni yamekwisha, hata hayo machache yataanguka. Tena msishtuke mkiona maua yameanguka chini. Mbaazi una desturi ya kutoa maua mengi kuliko unavyoweza kulea, na zaidi ya nusu huanguka yenyewe hata katika shamba zuri. Jambo la kuangalia ni maganda yanayobaki.

Funzo la kwanza: panda mbaazi na mvua za kwanza, siku zile zile unazopanda mtama au mahindi.

MBEGU GANI?

Hapa tuseme kidogo juu ya mbegu. Ziko aina za muda mfupi, ambazo hukomaa kwa miezi 4 hivi. Ziko za muda wa kati, miezi 5 hadi 6. Ziko za muda mrefu, miezi 7 au zaidi. Watafiti wetu wa kituo cha Ilonga, Kilosa, wametoa mbegu bora za namna zote tatu. Komboa ni ya muda mfupi. Tumia ni ya muda wa kati. Mali ni ya muda mrefu, nayo inasifika kwa kustahimili ugonjwa wa mnyauko.

Kwetu, ambako mvua hukoma Aprili, mbegu ya muda wa kati imetufaa zaidi. Hupata mvua kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na huvunwa mapema kidogo kuliko ile ya muda mrefu. Mwenye bonde lenye unyevu anaweza kujaribu ya muda mrefu. Usichukue neno letu tu. Muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako.

Ukitaka kujiwekea mbegu mwenyewe, usichote tu katika gunia. Nyuki hutembea kutoka shamba hadi shamba, na hubeba vumbi la maua. Mbaazi wako unaweza kuchanganyika na wa jirani. Kwa hiyo chagua mimea ya katikati ya shamba, yenye afya na maganda mengi. Ifunge uzi wa rangi mapema. Ivune peke yake. Baada ya miaka michache, tafuta mbegu mpya.

MSIMU WA PILI: TULISINGIZIA WADUDU

Msimu wa pili tulipanda mapema. Daftari linasema: "Tumepanda tarehe 9 Desemba, siku mbili baada ya mvua kubwa." Tena tulipanda kwa mstari. Tueleze tulivyofanya.

Tulichukua kamba tukaifunga mafundo. Kutoka mstari hadi mstari tuliacha sentimita 120. Kutoka shimo hadi shimo tuliacha sentimita 50. Kina cha shimo hakikuzidi vidole vitatu. Kila shimo mbegu 3, na miche ilipofika kimo cha shubiri tukapunguza, tukaacha 2. Katikati ya mistari ya mbaazi tulipanda mtama.

Hapa tufanye hesabu kidogo, maana hesabu tulifundishwa ili itusaidie. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Shimo moja linachukua mita 1.2 mara mita 0.5, yaani mita za mraba 0.6. Gawa 4,000 kwa 0.6. Unapata mashimo 6,600 na zaidi. Mara mbegu 3, ni mbegu 20,000 hivi. Mbegu hizo ni kilo 3 tu. Mwaka wa kwanza, tulipotupatupa, tulimwaga mbegu debe nzima! Hesabu hii peke yake ililipa gharama ya daftari na kalamu.

Kwa nini tulichanganya na mtama? Mbaazi ukiwa mchanga hukua polepole mno. Miezi miwili ya kwanza unaweza kudhani umelala. Mtama huo unakimbia, unakomaa, unavunwa. Ukishatoka, mbaazi unabaki na nafasi yote, unaanza kutanuka. Kwa hiyo ardhi moja inakupa mavuno mawili. Faida nyingine: watafiti wameona kwamba mbaazi uliochanganywa na mtama, au kupokezana na mtama, haupatwi sana na mnyauko. Lakini kwa sababu mbaazi mchanga ni mnyonge, palizi isikose. Palilia mara mbili katika miezi miwili hiyo. Magugu yakikushinda hapo, ndiyo basi.

Mwaka huo maua yalikuja. Jamani, shamba lilikuwa njano tupu! Nyuki walikuwa wanavuma tangu asubuhi. Tukaanza kuhesabu fedha kabla ya kuvuna. Tukaacha kwenda shambani. Tuliporudi baada ya majuma matatu, maganda yalikuwa na matundu. Viwavi walikuwa wameingia ndani na kula mbegu. Maganda mengine yalikuwa yamesinyaa, kwa kuwa wadudu wengine hufyonza utomvu wa mbegu changa.

Tukasema: wadudu wa mwaka huu si wa kawaida. Daftari likasema nini? Kati ya tarehe ya "maua yamefunguka" na tarehe ya "tumekuta matundu" hakuna neno lililoandikwa. Majuma matatu kurasa ni nyeupe. Wadudu hawakuwa wa ajabu. Sisi hatukuwepo.

Funzo la pili: tangu vitumba vya maua vitokee, pita shambani angalau mara mbili kwa juma. Fungua maua, geuza majani. Ukimwona kiwavi mmoja mmoja, mwokote umponde. Tikisa mmea juu ya karai, wengi wataanguka. Wakizidi, mwone mtaalamu wa kilimo akuambie dawa gani na kipimo gani. Ukipiga dawa, piga jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani. Asali ya Singida inasifika, na mbaazi ni chakula cha nyuki. Mwenye kuua nyuki ameua asali ya jirani, na maua yake mwenyewe amepunguzia wageni. Na kabla ya kupiga, soma kibandiko cha chupa neno kwa neno. Zamani tulikuwa tunaonyeshwa kwa kidole. Leo tunasoma wenyewe.

Tuseme na juu ya mnyauko. Ukiona mbaazi mmoja unanyauka na majani kuwa ya njano ilhali jirani zake ni wazima na udongo una maji, usiuache. Pasua shina. Ukikuta michirizi myeusi au ya kahawia ndani, huo ni mnyauko. Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa, choma moto. Ugonjwa huo hukaa udongoni kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mahali hapo panda mtama au uwele kwanza, na ukirudia mbaazi tafuta mbegu inayostahimili.

MSIMU WA TATU: TULISINGIZIA NG'OMBE

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Tunaomba mtusikilize vizuri, maana hili linatuhusu wote kata nzima.

Msimu wa tatu tulipanda mapema, tulipalilia, tulikagua. Mwezi Juni maganda yalikuwa yamejaa, bado kidogo yakauke. Mtama tulikuwa tumekwisha kuvuna. Asubuhi moja tulipofika, shamba lilikuwa limelala. Matawi yamevunjwa, maganda yameliwa, samadi imetapakaa kila mahali.

Tulishika fimbo. Tukafuata nyayo kwa hasira. Tukawa tunasema njiani: leo mwenye ng'ombe hawa atatutambua. Nyayo zikavuka njia, zikapita kando ya minyaa, zikaingia zizini. Tukasimama. Zizi lile lilikuwa la mmoja wetu. Alikuwa amesimama pamoja nasi, fimbo mkononi.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha tukamwita mtoto aliyechunga. Tukamwuliza. Akajibu, naye hakudanganya: "Mtama umevunwa, nilijua mashamba yamefunguliwa."

Mtoto alikuwa na haki. Ndiyo desturi yetu tangu mababu. Nafaka ikishatoka, shamba ni malisho ya wote. Mabua ni ya ng'ombe. Ni desturi nzuri, imelisha mifugo yetu wakati wa kiangazi miaka na miaka, na ng'ombe wametuachia samadi. Lakini desturi hiyo iliwekwa kwa ajili ya mazao yanayokwisha pamoja. Mbaazi haukwishi pamoja na mtama. Unabaki peke yake shambani, kijani, wakati ng'ombe wana njaa. Hakuna aliyemwambia mtoto. Hakuna aliyekaa kikao. Sisi wenyewe ndio wenye mbaazi, na sisi wenyewe ndio wenye ng'ombe. Tungemshtaki nani?

Basi tulipoa. Jioni ile tuliandika katika daftari: "Kosa la ng'ombe ni letu." Kabla ya msimu wa nne tulikaa na majirani wote wanaopakana na shamba lile, wenye mifugo na wasio na mifugo. Tukapatana mambo manne, tukayaandika, kila mtu akaweka sahihi yake. Wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kuweka sahihi badala ya dole gumba.

Moja: wote wanaotaka kulima mbaazi walime upande mmoja, mashamba yakipakana. Shamba moja la mbaazi katikati ya mabua haliwezi kulindwa.

Mbili: upande ule wa pili ufunguliwe kwa mifugo mara nafaka ikitoka, kama desturi. Upande wa mbaazi ufunguliwe baada ya mavuno ya mbaazi, kwa tarehe tuliyopatana.

Tatu: mwenye mbaazi akishavuna, matawi na majani yaliyobaki yawe ya mifugo. Ng'ombe na mbuzi wanayapenda, tena yana nguvu kuliko mabua. Kwa hiyo mfugaji naye ana faida ya kungoja.

Nne: kila nyumba imweleze mtoto anayechunga, tena apelekwe akaonyeshwe mpaka kwa macho yake.

Msimu wa nne ng'ombe hawakuingia. Tulivuna magunia matatu katika ekari ile ile. Mvua haikuwa kubwa kuliko miaka iliyotangulia. Jua lilikuwa lile lile.

KUVUNA NA KUHIFADHI

Vuna maganda mengi yanapokuwa yamekauka na kugeuka rangi ya kahawia. Usingoje mno, maana maganda hupasuka na wadudu waharibifu wa ghalani huanza kutaga mayai shambani. Kata matawi, anika juu ya turubai, piga kwa fimbo, pepeta. Anika tena mpaka ukiuma mbaazi kwa meno iwe ngumu kama kokoto.

Mbaazi hubunguliwa upesi sana. Sisi tumefaulu kwa mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Mfuko ukifungwa vizuri, wadudu hukosa hewa wakafa bila dawa. Njia nyingine ni kukoboa na kupasua mbaazi vipande viwili kama dengu zilizokobolewa. Wadudu hawazipendi sana zilizopasuliwa, tena hupikika upesi na kuni huokolewa.

SOKO: MLANGO WA MWENZIO

Sasa juu ya kuuza. Mbaazi nyingi za Tanzania zilizouzwa nje zimekwenda India. Wenzetu kule wanakula mbaazi kila siku. Mwaka 2017 walivuna kwao kwa wingi. Mwezi Agosti mwaka huo serikali yao ikaweka kikomo: mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Bei huku kwetu ikaanguka. Wakulima wengi walibaki na magunia ndani, hawana wa kuwauzia. Walikuwa wamelima vizuri, wamepanda mapema, wamekagua wadudu. Hawakufanya kosa shambani. Mwezi Mei mwaka 2021 India ilikiondoa kikomo kile, na biashara ikafunguka tena.

Tunajifunza nini? Mlango wa mwenzio hufunguliwa na mwenyewe, na hufungwa na mwenyewe. Huwezi kuulalia kizingitini. Kwa hiyo sisi tuliamua hivi: katika magunia matatu, gunia moja halitoki. Hilo ni la watoto na la mbegu. Mengine mawili ndiyo ya kuuza. Bei ikiwa nzuri, tunafurahi. Bei ikianguka, watoto hawalali njaa.

Na mnapouza, uzeni kwa pamoja, tena kwa mizani, si kwa debe la kujaza mlima juu. Katika mikoa kadhaa mbaazi zimeuzwa kwa mnada kwa njia ya stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mazao ghalani, yanapimwa, anapewa stakabadhi, kisha wanunuzi hushindana kwa bei. Ukipewa karatasi hiyo, usiikunje ukaitia mfukoni. Isome hapo hapo. Jina ni lako? Kilo ni zile ulizoziona katika mizani? Tarehe ipo? Sahihi ipo? Kama kuna kosa, sema kabla hujatoka mlangoni.

CHUNGU CHA MBAAZI

Tusisahau chungu. Pwani hupika mbaazi kwa nazi, wakala kwa mahamri asubuhi. Sisi hatuna nazi, lakini tuna alizeti na vitunguu. Loweka mbaazi kavu usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka zilainike. Kaanga kitunguu kwa mafuta ya alizeti, tia nyanya, tia mbaazi, tia chumvi, ponda kidogo ili mchuzi uwe mzito. Kula kwa ugali wa mtama au wa uwele. Mbaazi mbichi za maganda ya kijani ni tamu zaidi, na hazihitaji kulowekwa.

TUNALOWAOMBA

Ndugu zetu, tumesema mengi. Tunawaomba jambo moja tu mlifanye kabla ya mvua kuanza.

Patano letu la malisho ni la majirani wachache. Linategemea urafiki. Siku mmoja akikasirika, litavunjika. Mbaazi hauwezi kulimwa kata nzima kwa urafiki wa nyumba chache. Tunaomba kila kitongoji na kila mtaa ukae kikao, wenye ng'ombe wakiwa mbele, si nyuma. Patana upande wa mbaazi ni upi, na tarehe ya kufungua malisho ni ipi. Andikeni katika muhtasari. Ikionekana inafaa, viongozi wetu waipeleke halmashauri iwe sheria ndogo.

Wapo watakaosema hakuna haja, mbaazi haustawi kwetu, jua ni kali. Sisi nasi tulisema hivyo miaka mitatu. Mbaazi hauna mdomo. Aliyekuwa anasingizia jua ni mwenye shamba.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka jana ulipanda mbaazi tarehe ngapi? Mvua za kwanza zilinyesha lini? Kama hukuandika, mwaka huu utaandika wapi?

2. Katika kitongoji chenu, mifugo huanza kuingia mashambani mwezi gani? Mbaazi huwa umekwisha kuvunwa?

3. Shamba lako ni nusu ekari. Ukipanda kwa sentimita 120 na 50, utapata mashimo mangapi? Utahitaji mbegu kilo ngapi?

4. Je, ni jambo gani jingine hapa kwetu tunalolisingizia jua?